Watu wa Ndani ya Majora

Kabla sijampenda mtu huyu nilimchukia kwa muda wa robo saa hivi, na sababu ya chuki yangu ilikuwa mstari. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya misheni pale Kasongo, katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilivaa kaptura iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe, na niliamini utaratibu kuliko mambo mengine mengi niliyowafundisha wanafunzi kuyaamini. Asubuhi moja niliwaongoza hadi kwenye duka lake la vitambaa, tukachague kitambaa cha sare. Walisimama mmoja nyuma ya mwenzake, wafupi mbele, warefu nyuma, mikono ubavuni. Nilijiona jemadari.

Mwenye duka akatoka. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mfupi, mwenye mvi zilizomjia mapema na penseli juu ya sikio. Akautazama ule mstari kama mtu aliyekuta nyoka amelala kizingitini pake.

"Nani alipanga hii?"

"Mimi, Madamu."

"Pangua."

"Madamu?"

"Pangua, Mwalimu! Mu duka yangu watu wanaingia kama kuku. Haya, watoto, sukumaneni! Weye mukubwa, mupite huyu! Weye mudogo, pita chini!"

Wanafunzi hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Kazi yangu ya miezi mitatu ilivunjika kwa dakika moja. Jora la amerikani lilianguka, mtoto mmoja akapotelea ndani yake, na mwenye duka akasimama katikati ya fujo ile akiwa na uso wa mtu aliyeketi kwenye harusi ya mwanawe. Nilipomwambia, kwa Kifaransa changu bora, kwamba mstari ni mwanzo wa ustaarabu, alinijibu kwa Kiswahili cha sokoni: "Mustari nimeona kwa siafu. Walikuwa wanaenda kuuma mutu."

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba mahali alipopitishwa wakati wa vita, mstari ulikuwa njia ya kuchagua nani aishi hadi kesho. Siku ile hakuniambia. Nami nakiri kwamba hata angeniambia nisingesikia. Nilikuwa ninatafuta kofia yangu katika fujo ile.

Tulimwita Madamu. Kasongo palikuwa na Madamu wengine, wake wa maafisa na wa wakubwa wa pamba, lakini hao walihitaji jina la mume nyuma yao. Yeye alitosha peke yake. Wazungu walimwita Mgiriki, kwa kuwa machoni pao kila mwenye duka asiye Mbelgiji alikuwa Mgiriki au Mreno, nasi tukafuata. Kumbe alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rodo, ambacho mimi nilikijua kutoka safari za Mtume Paulo na nilidhani kilikuwa kimekwisha zama. Binamu yake alikuwa na duka kwetu tangu kabla ya vita. Vita vilipokwisha alimwita, kisha akahamia Katanga akamwachia funguo.

Kiswahili alijifunza kutoka kwa wanawake waliosimama upande wa pili wa meza yake, na kwa hiyo hakikuwa na chumba cha wageni. Alisema na padri mkuu kama anavyosema na muuza nyanya. Mwalimu wake hasa alikuwa Mama Zaina, mwanamke wa mjini, wa familia zile za Kiislamu zilizokuwako tangu zama za Waungwana, waliokuja na Waarabu kutoka pwani. Mama Zaina alichukua majora kwa Madamu, akayapeleka Kabambare na kwenye kambi za wachimba dhahabu upande wa Salamabila, akarudi na habari za watu wote walioko njiani. Alikuwa mrefu, na mkono wake ndio uliokuwa kipimo cha duka. Mkono wa Madamu ulikuwa mfupi, na wanunuzi walilalamika kwamba unawaibia. Fimbo ya mita ilikuwapo, lakini kazi yake ilikuwa kufukuza mbuzi. Ikakubaliwa kwamba kitambaa kipimwe kwa mkono wa Mama Zaina, na iwapo Mama Zaina amesafiri, basi.

"Mkono iko Kabambare," Madamu angewaambia wanunuzi bila haya. "Rudini siku ya ine."

Siku Mama Zaina alipojua kwamba rafiki yake si Mgiriki, nilikuwapo.

"Myahudi? Wale wa Nabii Musa?"

"Wale wale."

"Ee Mungu! Sisi tulijua wako ndani ya Kitabu. Hatukujua wanauza kaniki."

Basi Musa akaingia katika utani wa duka na hakutoka tena. Mvua ikikatika, Madamu ndiye aliyeipasua. Nzige wakionekana, aliulizwa kama amewatuma yeye.

Alikuwa mwoga kuliko mtu yeyote niliyemjua, na jasiri kuliko yeyote, na kwa muda mrefu sikuweza kuyakutanisha hayo mawili. Alimeza kinini mara mbili ya kipimo. Uyoga hakuugusa. Samaki alimchambua miiba hadi akabaki kama unga. Mto Lualaba hakuuvuka hata mara moja. Tulipokwenda Nyangwe siku ya soko alishuka hadi ukingoni, akaukagua mtumbwi kama daktari, akarudi kuketi ndani ya lori. Wavuvi walimcheka waziwazi.

"Madamu, kuja! Mutumbwi haina meno!"

"Mutumbwi apana. Maji iko nayo."

Nilimwambia, kwa ule upole wa kijana anayejiona ana hekima, kwamba hofu ya namna hiyo haimfai mtu wa umri wake. Alinitazama. Akachomoa penseli sikioni, akajigonga nayo kifuani.

"Mwalimu, weye ukizama, anazama mwalimu mumoja, misheni italeta mwingine. Mimi niko na mutaa muzima humu. Muoka mikate, mushona viatu, wazee wawili wa kugombana kila jumamosi. Waliuawa wote. Nilibaki mimi. Nikizama, nikisahau, wanakufa mara ya pili, na sasa hakuna mwenye kujua." Halafu, kwa sauti ileile: "Sasa nipe ile ndizi, lakini menya weye. Kisu iko kali."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa mwoga. Alikuwa mchukuzi, na mzigo wake ulikuwa wa kuvunjika.

Mtaa ule aliuchora. Kitambaa kilitoka Ulaya kikiwa kimezungushwa juu ya ubao wa katoni, mpana kama kifua cha mtu, laini pande zote mbili, na katoni ile ndiyo aliyoitaka. Mnunuzi aliyefika jora likiwa limebakiza dhiraa mbili alikuwa na bahati: Madamu hakuweza kungoja. Aliongeza kitambaa kilichosalia kuwa matabisi, yaani nyongeza ya bure, akamsukuma mtu nje, akaondoka na ubao wake kama paka aliyepata samaki. Wanawake wa Kasongo walilijua jambo hili vizuri. Niliona kwa macho yangu akina mama watatu wameketi barazani tangu asubuhi, wakizungumza juu ya mambo ya kila namna, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie kununua ili jora lifike mwisho.

Alichora kwa mkaa wa kuni. Mkaa hufutika, kwa hiyo alichemsha mchele, akachuja maji yake mazito, akayapuliza juu ya picha kwa bua la jani la mpapai, mashavu yamejaa kama ya mpiga tarumbeta. Yakikauka, picha haitoki hata ukiisugua kwa kitambaa. Ufundi huo aliubuni Kasongo, na aliujivunia kuliko picha zenyewe.

Nyuso alizikumbuka. Mikono na masikio ndivyo vilivyomkimbia, hivyo aliviazima kwetu. Ungekuwa unakunja kitambaa chako, ukasikia, "Mama, simama vile! Niazime mikono." Mshona viatu wa Rodo alipata masikio yangu. Nilikwenda kumtazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na bado naona yalimkaa vizuri.

Mume wa Mama Zaina alikuwa mtu wa dini, na aliposikia kwamba viwiko vya mkewe vimechorwa alikasirika. Mama Zaina alimjibu kwamba picha ya kiumbe ni ile yenye mtu mzima; kiwiko ni kiwiko. Mzee alifikiri siku mbili, kisha akasema viwiko vinaruhusiwa, magoti hapana. Hukumu hiyo iliheshimiwa na wote, Madamu akiwa wa kwanza. Ndiyo sababu katika mtaa ule wote hakuna aliyechorwa magoti.

Hapo mwanzo alitaka Wazungu wenzake waone. Aliomba ukuta katika klabu yao, akatundika mbao kumi na mbili siku ya Jumapili. Zilikuwa picha za kambi alikofungwa wakati wa vita: watu waliokonda, vichwa vimenyolewa, wanawake uchi wamejikumbatia, na mtu mwenye buti akiwaelekeza kwa kidole. Mabibi wakasema pole, wakasema leo kuna wageni, wakauliza kama hangeweza kuchora maua, kwa kuwa mkono wake ni mzuri sana. Jumatatu bwana mmoja wa Serikali alikuja dukani. Nilikuwa ninachagua vifungo, sikuondoka.

Alisema kwa adabu. Alifahamu uchungu wa Madamu. Hata kwao Ubelgiji watu waliteseka. Lakini watumishi wa klabu walikuwa wameziona picha zile, na jambo hilo halikuwa zuri. Mtu mweusi asione Mzungu akiwa uchi, akiwa na njaa, akipigwa na Mzungu mwenziwe. Heshima yetu Wazungu itabaki wapi?

"Bwana," Madamu alisema, "wamekwisha kukuona ukicheza tenisi. Iliyobaki ni kidogo."

Aliamriwa asitundike picha zile ukutani, popote, kamwe. Akaahidi. Nilishangaa alivyoahidi upesi. Bwana yule alipotoka, Madamu alichukua mbao zake moja moja, akazifunika kwa karatasi nyembamba, akazungushia kaniki, bafta na kitenge juu yake kama zilivyotoka kiwandani, akazirudisha rafuni. Hakuna hata moja iliyokuwa ukutani. Wala mchwa na unyevu havikuzifikia kwa urahisi, alisema, na kwa mara ya kwanza watu wake walikuwa na nguo za kutosha.

Lakini majora hufanana, na katika duka lile lisilokuwa na utaratibu nani angejua lipi ni lipi? Mama Zaina alichukua majora manne ya kaniki kwenda Kabambare. Akauza la kwanza hadi mwisho pale sokoni, akavuta dhiraa ya mwisho, na umati ukamtazama kutoka kwenye ubao.

Ili mambo yaliyofuata yaeleweke lazima niseme juu ya nywele. Kwetu, mtu akifiwa hunyoa, na kichwa kilichonyolewa kwa msiba husomeka kabla ya salamu: ukikiona unateremsha sauti, unauliza ni nani. Wanawake wa Kibangubangu, wenyeji wa Kabambare, waliozunguka ubao ule walisoma walichojua kusoma. Hawa ni wafiwa. Na msiba unaonyoa umati mzima, wake kwa waume, wazee kwa watoto, lazima uwe wa mtu mkubwa ajabu.

Mama Zaina alirudi Kasongo siku mbili kabla ya wakati wake, na majora matatu hayajauzwa. Aliingia dukani bila hodi, nyuma yake wanawake kama kumi wenye mikeka, sukari na masufuria.

"Madamu! Funga duka!"

"Sababu gani?"

"Uko na kilio, unauza kaniki?" Akaupiga ubao juu ya meza. "Kabambare nzima imeona. Wameniuliza: watu wote hawa wamenyoa, nani alikufa? Nikakosa la kusema! Mimi, jirani yako! Miaka yote tunacheka hapa, nakutania na Musa, nakutania na mutumbwi, kumbe uko na kilio umetuficha! Tumekukosea nini?" Akanigeukia. "Na weye Mwalimu, ulijua?"

Nilisema nilijua kidogo.

"Kidogo! Musomi anajua kidogo kwa kila kitu."

Madamu alimsogezea kigoda. "Mama Zaina," alisema, "keti."

"Siketi. Nani alikufa?"

"Hao."

"Apana, hao wamenyoa, hao ni wafiwa. Mimi nauliza marehemu."

"Hao ndio marehemu."

Mikeka iliyokuwa ikikunjuliwa ilisimama nusu. Mama Zaina alirudia kuutazama ubao, safari hii polepole, kichwa kwa kichwa, kama anayetafuta mtu wake.

"Wote?"

"Wote."

"Na wenye kunyoa sababu yao, wako wapi?"

"Hakuna. Nilibaki mimi."

Akaeleza mara moja tu, amesimama nyuma ya meza yake, na sikumsikia akirudia. Wanajeshi wa Kijerumani waliwakusanya Wayahudi wote wa kisiwa, hata mtoto wa siku tatu, wakawapakia melini, kisha kwenye mabehewa ya ng'ombe, wakawapeleka nchi ya baridi. Huko waliwapanga mstari. Wengi waliuawa siku ya kufika, miili ikachomwa. Waliosalia walinyolewa, wakaandikwa namba mkononi, wakafanyishwa kazi hadi wakaisha. Akakunja mkono wa shati akaonyesha namba yake. Mama Zaina aliushika ule mkono, akaisugua namba kwa kidole gumba.

"Kwetu chale ni pambo," alisema. "Huyu alikuchanja vibaya. Na hakukuuliza."

"Hakuniuliza."

Basi wakaketi. Matanga yaliwekwa miaka kadhaa baada ya msiba, katikati ya duka, na mwenye msiba hakuruhusiwa kupika wala kuchota maji. Ndipo mama mmoja, muuza mchele, akaleta swali la watu wenye mashamba.

"Kwa mutu mumoja tunakaa siku tatu. Hapa iko watu ngapi?"

Madamu hakupenda kuhesabu watu. "Mutaa," alisema.

"Mutaa! Tukikaa siku tatu-tatu kwa mutaa muzima, mupunga itaozea shambani na waume watatuacha!"

Na hapo Madamu akacheka. Kicheko kilianza kama kicheko, kikageuka njiani kikawa kitu kingine, na wanawake, ambao walikuwa wakikingoja hicho kingine tangu walipoingia, wakasogea karibu wakamshika mabega.

Wakapatana: mtu mmoja kwa jora moja. Jora likiisha, wanawake wataketi hadi adhuhuri, ubao utatolewa, na Madamu atasema habari za mmoja wa waliomo. Hawakuuliza alivyokufa, kwa kuwa hilo lilikwisha semwa. Waliuliza alipenda nini, aligombana na nani, mke wake alimvumilia vipi. Hivyo Kasongo ikamjua muoka mikate wa Rodo, aliyejiona ana sauti nzuri na kuimba tangu alfajiri, hata watu wakawahi kununua mkate ili wamkimbie kabla ya ubeti wa pili. "Iko mumoja vile kwa musikiti yetu," alisema Mama Zaina, na kila mtu alimjua mwadhini huyo, nasi tukamsamehe kidogo. Mbao zikasafiri tena Kabambare, sasa kwa makusudi, na habari zikasafiri nazo, maana Mama Zaina hakuwahi kubeba mzigo bila maneno.

Ugomvi mkubwa ulikuja baada ya kama mwaka mmoja. Wanawake walimwambia Madamu awarudishie marehemu nywele.

"Mbona kila siku wako vile? Walizaliwa bila nywele? Matanga ikiisha, mutu anaacha nywele inaota."

Alikasirika kweli. Alisema yeye hakuwanyoa, anaonyesha walichotendewa. Akiwapa nywele, mwenye buti ataonekana hakufanya kitu, na kesho watu watasema ni uongo.

"Sisi tumeona," alisema Mama Zaina. "Tumeona sana. Sasa tuonyeshe mutu."

Hawakusemezana siku nne. Nilipeleka salamu huku na huku kama balozi, na pande zote mbili zilinitukana. Siku ya tano Madamu alimtolea Mama Zaina ubao wa muoka mikate. Upande wa mbele alikuwa yuleyule wa kambini. Ukiugeuza, alikuwa mlangoni pa duka lake, tumbo mbele, kinywa wazi, akiimba, na juu ya kichwa chake nywele nyeusi zilizojikunja kama manyoya ya kondoo.

"Huyu," alisema Mama Zaina, "hata mimi ningemukimbia."

Tangu hapo kila ubao ulikuwa na pande mbili. Nimezeeka nikiufikiria ugomvi ule. Nimesoma vitabu vya watu wakubwa wanaojiuliza shahidi aonyeshe nini, na sijapata jibu zuri kuliko lile la kugeuza katoni.

Yule bwana wa Serikali alisikia, kwa kuwa Kasongo hapakosi wa kusikia kwa niaba ya wengine. Alikuja na polisi mmoja, asubuhi ya kumaliza jora, duka limejaa.

"Fungua majora."

"Hadi mwisho, Bwana?" Madamu aliuliza.

"Hadi mwisho. Yote."

"Mbele ya watu hawa?"

Akatazama. Wanawake walikuwa wamenyoosha shingo, kila mmoja ameshika ncha ya jora, tayari kuisaidia Serikali. Polisi mwenyewe alikuwa amevua kofia ili aone vizuri. Bwana alielewa kwamba, akiendelea, yeye ndiye atakayekuwa ameonyesha picha zile kwa mkusanyiko mkubwa kuliko wote waliopata kuziona. Akakohoa. Akasema, kwa kweli, alikuja kununua kaki. Mama Zaina alimpimia dhiraa tatu kwa mkono wake, na akamwongezea matabisi.

Mimi niliondoka Kasongo kwenda chuo kikuu, mmoja wa wachache wa kwanza kutoka kwetu. Huko nilifundishwa habari za vita vile. Mwalimu wetu alitaja hesabu, tukaziandika. Zilikuwa na sufuri nyingi. Nilizipata zote sawa katika mtihani, lakini kalamuni mwangu mlikuwa na mtu anayeimba vibaya alfajiri, na sikujua nimweke safu ipi.

Likizo ya mwisho kabla ya uhuru nilirudi nyumbani. Mji wote ulikuwa ukizungumza siasa, na Wazungu wengine walikuwa wamekwisha kufunga masanduku. Niliambiwa Madamu amepata hasara. Tufani ilikuwa imeng'oa bati la duka akiwa amelala na homa, mvua ikaingia rafuni siku tatu, na mchwa wakafuata mvua. Mbao kumi na moja zilikuwa zimekuwa uji. Nilikwenda kumpa pole, nikiwa nimetayarisha maneno.

Nilimkuta ameinama juu ya ubao mpya. Alikuwa amepungua, vidole vyeusi kwa mkaa. Mama Zaina alikuwa mkekani, miguu ameinyoosha, akichambua mchele pamoja na mwanamke wa Kabambare aliyekuja kuchukua vitambaa. Hakuna aliyenijali. Madamu alikuwa akimchora upya mkunga wa mtaa wao, mwanamke aliyewapokea watoto wote wa barabara ile, Madamu mwenyewe akiwa mmoja wao, na aliyeshikwa mkono na wanne kati yao wakati wa kupanda treni. Alichora, akatazama, akafuta kwa kiganja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Nilimwona anavyoogopa, na ilikuwa hofu ileile ya ukingo wa mto.

"Si vile," Mama Zaina alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Nini si vile?"

"Mukunga. Hakusimama sawa-sawa vile, kama askari. Alilalia mguu mumoja. Nyonga ilikuwa inamuuma."

"Nyonga? Nani alikuambia?"

"Weye! Mwaka wa nzige, jora ya bafta. Ulisema alianguka kwa ngazi, akienda kuzalisha mapacha."

"Na kilemba ilifungwa nyuma," akaongeza mwanamke wa Kabambare. "Weye unafunga chini ya kidevu. Kwetu watoto wanamuigiza, kila mutu anajua ni nyuma."

Madamu alibisha. Alisema huyo alikuwa mkunga wake, si wao. Alimjua kabla hawajasikia jina la kisiwa. Mama Zaina alisema ndiyo, na nyonga ilikuwa ikiuma. Madamu akafumba macho. Mkaa ulibaki hewani, nami nikaanza kutafuta yale maneno yangu ya pole.

Akafumbua.

"Ni kweli," alisema. "Nilisahau."

Akanigeukia, ndipo akaonekana kutambua kwamba nipo. "Mwalimu, umesikia? Nilisahau!" Alisema kama mwanafunzi anayeleta nyumbani matokeo mazuri. "Nilikuwa nimemusahau kabisa, na hakupotea."

Alifuta ubao wote, akachonga mkaa, akasogeza kigoda chake karibu na mkeka.

"Haya," alisema. "Mguu gani?"

"Wa kushoto," Mama Zaina alijibu, kwa subira ya mtu anayemwelekeza mgeni njia ya mtaa wake mwenyewe.